Pikipiki Niliyoitukana Kimbo

Wanaume wanaouza pikipiki ni watu wa ajabu, na nimekutana nao wa kutosha kusema hivyo bila kuomba mtu msamaha. Ukiwa mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, kitambaa kichwani na mkoba kwapani, ukamwambia mmoja wao umekuja kuangalia pikipiki, kitu cha kwanza anachofanya ni kuchungulia nyuma yako. Anatafuta mnunuzi. Akikosa kumwona anauliza, "Ni ya kijana wako, mama?"

"Kijana wangu ana miguu yake," nilikuwa nawajibu. "Hii ni yangu."

Hapo wanacheka. Mmoja aliniuliza kama najua kwamba pikipiki haina mlango. Nilimwambia hata kichwa chake hakina, na bado watu wanaingia na kutoka.

Niseme mapema nilitaka nini, msije mkaniona nimechanganyikiwa. Nilitaka kruza. Si hizi za boda ambazo hubeba watu watatu, gunia la viazi na mlango wa mbao juu yake. Kruza ni ile ya kukaa chini, tangi pana, usukani umeinuka, miguu unainyoosha mbele, na injini inaongea polepole kama mtu ambaye hana deni. Baba yangu alikuwa fundi wa mashine kwenye shamba la kahawa nje ya Thika, na ndiye alinifundisha kuendesha nikiwa darasa la saba, Jumapili mchana, katikati ya mistari ya kahawa, kwa pikipiki ya shamba ambayo hakuwa na ruhusa ya kuigusa siku hiyo. Nilipoolewa hayo yakaisha. Mume wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa mtu mzuri aliyeogopa majirani. Alisema mke wa mtu hapanui miguu barabarani. Nami, mjinga nisiye na dawa, nikakubali mpaka siku tuliyomzika.

Tangu nilipoolewa sikuwahi kununua kitu changu. Nilinunua mabati, karo, magodoro ya bweni, viatu vya shule, sare ya kwaya, sufuria za kukopesha wakati wa harusi za watu. Mtoto wa mwisho alipomaliza chuo nilikaa sebuleni kwangu Ngoingwa nikajiuliza, na wewe je? Jibu lilikuja haraka mpaka nikaona haya. Nikaenda nikafanya leseni ya pikipiki darasa moja na vijana wa boda, mwalimu akiniita shosho kama nyanya yake. Nilipita. Wawili kati ya wale vijana walianguka, na sikuwahurumia.

Sasa, mimi nauza blauzi za mitumba soko la Thika. Kabla ya kuuza lazima ununue, na kununua kwetu ni kazi ya mdomo. Hakuna mtu wa soko mwenye akili ambaye hununua kitu huku anakisifu. Ukikisifu, bei inapanda ukiangalia. Unakiinua kwa vidole viwili. Unakigeuza. Unauliza, "Hii nayo ni ya kupangusa meza?" Unatafuta doa, na kama doa hakuna, unaliona hivyo hivyo. Unataja bei ya aibu, unakitupa, unaenda. Ufundi wenyewe uko kwenye kuenda. Unaenda pole pole bila kugeuka, kwa sababu mwenye mali lazima akuite. "Mama, kuja! Si uongeze kitu!" Hakasiriki hata kidogo. Yeye mwenyewe alinunua hivyo asubuhi. Asiyetukanwa mali yake hujua mteja hana haja nayo.

Na mimi nilikuwa bingwa. Wenzangu sokoni wakienda kununua kochi, friji, hata kuku wa Krismasi, walikuwa wananibeba niwasaidie kutukana. Nilimtukana jogoo mmoja mpaka mwenyewe akamwangalia upya.

Kwa hivyo nilipoanza kutafuta kruza sikuwa na wasiwasi. Nilitafuta miaka miwili. Hizi pikipiki ni chache huku kwetu, na zilizopo ziko mikononi mwa waongo. Nakumbuka yadi moja Ruiru, jamaa amevaa miwani ya jua ndani ya ofisi. Akanionyesha moja, mita inasoma kilomita elfu nane. Elfu nane! Raba za kukanyagia zilikuwa zimelika mpaka zinateleza, kiti kimebonyea pahali pa makalio mawili, pedali ya breki inang'aa kwa kusuguliwa na kiatu. Hiyo mita ilikuwa imerudishwa nyuma na mtu asiye na aibu wala bidii.

"Ilikuwa ya mzungu mmoja, mathe," akaniambia. "Alikuwa anaenda nayo kanisani tu."

"Na kanisa lake lilikuwa Kongo?"

Alitoa miwani akaniangalia. Nikamwachia pikipiki yake na mzungu wake.

Halafu binti yangu, yule tunayekaa naye Ngoingwa, akaniletea simu jioni moja. "Mama, ona huyu." Lilikuwa tangazo. Kruza nyeusi, tangi la rangi ya damu ya mzee, picha imepigwa vibaya na kidole kinaonekana pembeni. Chini imeandikwa bei, halafu: Kilomita elfu tisini na sita. Zote nimeziendesha mimi. Iko Kimbo.

Msichana wangu akacheka. "Kama anakubali tisini na sita, basi ni laki mbili." Ndivyo tunavyofikiri sote huku. Mtu akisema ukweli tunauongeza mara mbili, tukidhani tumemshika. Lakini mimi nilijua. Niliangalia ile picha mbaya na nikajua huyu mtu hata hajui watu huwa wanadanganya. Nilishindwa kumaliza ugali.

Kesho yake nilikuwa Kimbo. Nyumba ya mawe, geti la bluu, migomba minne, kila kitu kimefagiliwa. Akatoka mzee mrefu, mwembamba, sweta ya kufuma, anatembea huku mkono unagusa ukuta. Watu wa hapo walikuwa wameniambia ni kwa daktari. Nikamsalimia, "Habari yako, daktari."

"Nzuri, mama. Lakini mimi si daktari. Nilikuwa afisa wa kliniki."

Nikaona huyu ni wa kuchosha. Mtu anayekataa kupandishwa cheo bure langoni kwake ana kasoro.

Aliniambia alistaafu, na kwamba kwa miaka thelathini kazi yake kubwa ilikuwa kushona vidonda vya watu walioanguka na pikipiki, na hata hivyo yeye mwenyewe alipanda yake kila siku kwenda kuwashona. Sasa macho yalikuwa yanaenda. Presha ya macho, akasema, upande mmoja anaona ukungu tu na wa pili unaufuata. Aliacha kuendesha siku alipokaribia kugonga mbuzi na akadhani ni jiwe. Yote haya alinieleza bila kuulizwa. Hakuniuliza kama pikipiki ni ya kijana wangu. Aliuliza tu kama nina leseni, nikamwonyesha, akaileta karibu na pua akaisoma yote.

Akavuta turubai.

Sijui niseme nini. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa imekaa pale chini ya kibanda, safi, imetulia, raba zimelika sawasawa na kilomita zake, na juu ya kiti ameweka daftari la shule lenye kila mafuta aliyowahi kubadilisha, tarehe na mwandiko wa hospitali. Akaiwasha. Iliitika mara ya kwanza. Nilihisi ile sauti kwenye magoti, na nilitaka kulia, nasema wazi. Nilitaka hiyo pikipiki kuliko nilivyowahi kutaka kitu au mtu.

Kwa hivyo nikaanza kuitukana.

"Haiya. Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, mama."

"Imezeeka."

"Imezeeka kweli."

Nikazunguka. "Cheni imekwisha."

Akainamisha kichwa upande. "Imekwisha? Niliibadilisha mwaka jana."

"Basi walikuuzia mbovu. Na huu moshi wa bluu?"

"Kuna moshi?"

"Mzee, huoni?" Nilisema hivyo. Kwa mtu ambaye dakika kumi zilizopita ameniambia macho yameisha. Lakini nilikuwa nimeshashika kasi, siwezi kusimama.

Akasema, "Ndiyo maana nafurahi umekuja wewe. Mimi siwezi kuona tena. Niambie yote unayoona."

Akachukua daftari lake na kalamu, akaandika cheni, akaandika moshi. Pale ndipo ningepaswa kushtuka. Sokoni hakuna mtu ameandika matusi yako. Sokoni anakuangalia machoni na mnacheka chini chini wote wawili. Huyu alikuwa anaandika, pua karibu na karatasi, herufi kubwa kama za mtoto. Na mimi nikamdharau kwa hilo. Nikasema moyoni, huyu ni mlaini, sitalipa hata nusu ya bei yake.

Nikampa taa ya nyuma. Nikampa bearing za gurudumu, zinalia, nikasema. Halafu nikaona mchubuko chini ya tangi, kwenye fremu, alama ya kukwaruzwa na funguo tu, rangi imetoka kidogo.

"Na hapa fremu iko na ufa."

Kalamu ikasimama. "Ufa?"

"Hapa."

Akaleta kidole. Nikakishika nikakiweka juu ya ule mchubuko. Kidole chake kilikuwa kikavu na kilipita pale taratibu sana, mara tatu.

"Sisikii kitu."

"Ufa wa chuma hausikiki kwa kidole, mzee. Unasikika siku fremu inakatika ukiwa barabara kuu."

Nilijipongeza kwa hiyo sentensi. Ilikuwa nzuri, imetoka yenyewe. Nikataja bei ya aibu, nikamwachia namba yangu ya simu, nikaaga, nikaanza kuenda. Pole pole. Nilipita migomba. Nilipita geti. Nje ya geti niliinama nikafunga kamba ya kiatu kisicho na kamba. Kimya. Niligeuka, kitu ambacho sijawahi kufanya maishani, na mzee alikuwa amesimama pale pale, mkono juu ya fremu.

Nilifika steji ya Kimbo bila kuitwa.

Siku zilizofuata zilikuwa za kumtukana yeye sasa, si pikipiki. Anajifanya. Anangoja nipige simu. Kwetu anayepiga kwanza ndiye anayepandisha bei yake mwenyewe, na sikuwa nimefika umri huu nishindwe kungoja na mtu wa sweta. Nilikuwa naenda na simu mpaka chooni. Sokoni wateja walinishika blauzi wakizitukana kama kawaida na nikawafokea, "Kama ni mbaya acha!" Wenzangu wakaulizana kama nimepata sukari.

Ijumaa msichana wangu akaniona nikiangalia simu juu ya sufuria.

"Mama, ulimwambia nini huyo mzee?"

Nikamwambia. Kwa majivuno kidogo, sitakataa. Nilipofika kwenye ufa aliweka kikombe chini.

"Ulimwambia fremu itakatika?"

"Ni kupatana bei."

"Mama. Huyo si mtu wa soko. Huyo ni mtu wa hospitali. Ukimwambia kitu ni kigonjwa, anaandika."

Nilimwambia anyamaze, ajue anaongea na nani. Halafu nikaingia chumbani nikatoa pesa zote, zile za bei yake kamili, siyo yangu, nikazipanga kwenye mkoba, na sikulala vizuri.

Jumamosi asubuhi niliingia kwa lile geti bila kubisha. Pikipiki ilikuwa chini ya kibanda. Haikuwa na gurudumu la mbele. Tangi lilikuwa limewekwa juu ya gunia, kiti pembeni, na jamaa mmoja wa ovaroli amechuchumaa na spana, anafungua injini.

"Mama!" Mzee alinitambua kwa sauti ya viatu, sijui. Alikuja amenyoosha mikono yote miwili. "Karibu, karibu sana. Nilikuwa nasema na Mungu juu yako. Kama si wewe ningemuuzia mtu kifo."

"Unafanya nini, mzee?"

"Naichinja. Huyu ni fundi, anachukua vipande. Kipande hakiui mtu."

Nikamgeukia yule fundi. "Fundi, umeangalia hii fremu?"

"Nimeangalia."

"Na umeona nini?"

Hakuinua hata macho. "Ufa uko, mathe. Mkubwa."

Woi. Nimekutana na wezi wengi. Nimeibiwa mizigo, nimeibiwa simu nikiwa naongea nayo. Lakini mtu kuniibia uongo wangu, akautumia mbele yangu, hilo sijawahi. Hakukuwa na ufa wowote na alijua, na alijua ninajua, na alikuwa ameshapata mteja wa injini, ilionekana vile alivyokuwa anaifungua kwa upendo.

"Wewe ni mwongo," nikamwambia. "Hakuna ufa hapo. Ni rangi imechubuka."

"Si mzee ameniambia ni wewe uliuona?"

Nikamshika mzee mkono. Nikamwambia yote. Kwamba hakuna ufa. Kwamba ndivyo tunavyonunua huko soko, tunaponda mali ili bei ishuke, na mwenye mali anajua. Kwamba nilikuwa nangoja aniite. Nilisema haraka haraka, huku fundi anaendelea na spana yake.

 Mzee akatoa daftari, akalileta karibu na pua.

"Cheni?"

"Nzima."

"Moshi wa bluu?"

"Hakukuwa na moshi, daktari."

"Mimi si daktari. Taa?"

"Inafanya kazi."

"Bearing?"

"Hazina neno."

"Kwa hivyo," akasema, na akafunga daftari, "ulikuwa unaitaka, ndiyo maana ukaniambia itaua mtu."

Vile alivyoisema ndiyo mara ya kwanza niliisikia. Miaka yote hiyo nimefanya hivyo kila siku na sijawahi kuisikia. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Nimekuja na bei yako yote," nikasema. "Mwambie huyu arudishe gurudumu. Nitamlipa mimi."

Mzee akapapasa ukuta akakaa kwenye ngazi. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Siku ile, mama, ulikuja ukaangalia, ukaniambia ni mbovu, ukaenda zako hata hukununua. Mtu anayeenda zake hana sababu ya kunidanganya. Leo umekuja na pesa kwenye mkoba unaniambia ni nzima. Nimwamini yupi?"

"Huyu wa leo."

"Huyu wa leo anataka kitu."

"Mzee, nakuapia."

"Nimeshona wengi walioapa pikipiki ni nzima. Nikikosea kwa yule mama wa kwanza, nimepoteza pikipiki kuukuu. Nikikosea kwako wewe, fremu inakukatikia hapo mbele ya Ruiru na mimi ndiye nilikuuzia. Macho ningekuwa nayo ningeangalia mwenyewe. Sina. Nilikuwa na ya kwako."

Basi nikaisifu. Sijui kama mnaelewa, mimi sijawahi kusifu kitu mbele ya mwenyewe, ulimi haujui njia. Nikamwambia hii ndiyo pikipiki nzuri kuliko zote nilizoziona kwa miaka miwili. Nikamwambia sauti yake niliisikia kwenye magoti, kwamba tangi linang'aa, kwamba ameitunza kama hakuna mtu anatunza kitu siku hizi. Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno lilitoka kama la mtu anayekuuzia kitu. Hata mimi nisingelinunua. Mzee alisikiliza mpaka mwisho akitabasamu, kwa heshima, vile unavyomsikiliza mgonjwa anayetaka kwenda nyumbani.

"Asante," akasema. "Lakini nitabaki na ile uliyoniambia kwanza. Na nakushukuru kwayo. Tamaa ikikuisha, nawe utajishukuru."

Nilitaka kumtikisa. Nilitaka kumwambia ni mzee mjinga, mkaidi. Nilikuwa na mengi ya kusema na hakuna hata moja ambalo angeandika.

Fundi akafungua boliti ya mwisho, akafuta mikono. Injini ya kruza haiinuliwi na mtu mmoja, na mzee haoni. Akaangalia huku na huku, akaniangalia mimi.

"Mathe, nishikie upande huo."

Nikaweka mkoba chini, nikashika. Ilikuwa nzito, na chini yake kavu kabisa, hakuna tone la mafuta lililovuja. Tuliishusha polepole mpaka kwenye gunia.